Swali la Tatu

Karatasi mia tatu na kumi na mbili.
Nusu za biashara, nusu za kemia na biolojia,
walibanana wote katika ukumbi wa viti mia na themanini,
wengine wakiandikia magotini,
wengine mgongoni mwa mwenzao.
Kozi ni ya Profesa. Kusahihisha ni kwangu, asistanti.
Umeme wa SNEL umekwenda tangu saa mbili;
nimesimamisha simu ndani ya kikombe, taa yake inatazama dari,
na wino mwekundu, usiku, hautofautiani na mweusi.

Swali la kwanza lilikuwa la kikomo.
x inakaribia tatu, inakaribia, haifiki.
Mmoja kaandika: *kama mshahara.*
Nimecheka peke yangu, nikampa sifuri,
kisha nikaifuta nikampa nusu.

Swali la pili, la watu wa biashara:
mama anauza sambaza Kadutu,
gharama yake hii, bei yake hii,
beseni ngapi zitampa faida kuliko zote?
Jibu ni kumi na nne. Zihindula, anayerudia mwaka,
amefika kumi na nne kwa mistari mitatu safi,
halafu akaongeza chini: *Toa mbili za bariyeri.*
Nimetafuta katika karatasi ya majibu.
Ukweli haukupangiwa alama.

Swali la tatu nililitunga mwenyewe,
nimesimama dirishani na kahawa, nikitazama kilima cha ng'ambo,
Bukavu inavyojimwaga toka juu hadi mtoni,
mabati juu ya mabati, ngazi za udongo,
migomba miwili iliyosahauliwa.
Nikasema, kwa nini niazime mkunjo wa kitabuni?
x kwa kipeo cha tatu,
toa sita mara x kwa kipeo cha pili,
ongeza thelathini na mbili.
Kuanzia sifuri hadi nne: juu pametulia, chini pametulia.
Tafuta mahali ambapo mteremko ni mkali kuliko pote.
Nililipenda swali langu. Nikalipa alama sita.

Nsimire, wa kemia. Mwandiko mdogo,
wa mtu aliyezoea kuhurumia karatasi.
Ametoa derive. Ametoa derive ya derive,
ameilinganisha na sifuri. x ni mbili.
Mteremko, hasi kumi na mbili.
Na pembeni, kwa penseli:

*Asistanti, hapo kwenye mbili
ndipo ilipokuwa nyumba ya shangazi.
Umeichora vizuri.
Iliondoka Aprili, usiku, na mvua.*

Aprili nilikuwa nafundisha nini?
Nimefungua daftari la kozi.
Aprili tulikuwa tunauminya muda:
uwe mdogo, nilisema, mdogo zaidi, karibu na hakuna,
utabaki mwendo wenyewe, mwendo wa sasa hivi.
Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ukumbi
nikapaza sauti wa nyuma wanisikie.
Sikuona aliyekosekana.
Watu mia tatu kwenye viti mia na themanini,
pengo la mtu mmoja linazibwa kabla halijapoa.

Hakuandika kipimo.
Mita ngapi za kushuka kwa mita ngapi za kwenda mbele?
Sheria ya kozi, niliitangaza mwenyewe:
asiyeandika kipimo, toa nusu.
Kalamu imekaa hewani muda ambao siwezi kuuminya.

Nimezima simu, nimekwenda dirishani.
Kilima hakipo, giza limekichukua chote;
kuna taa nne juu, za wenye jenereta,
na nyingine, hafifu, chini kabisa kwa wauza mishikaki.
Nimejaribu kuziunganisha kwa jicho, kama tunavyowafundisha,
nukta kwa nukta, bila kuinua mkono.
Mkono umeinuka.

Nimempa sita.
Zimebaki karatasi mia na tisa,
na swali la tatu limo katika zote.